Muulize Mjomba: "Wananiita Fotokopi"

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni dada wa miaka 25, mkazi wa Moshi, maeneo ya Majengo. Napiga picha za harusi, sendofu, kipaimara na mahafali. Chuo sikusoma. Nilijifunza kwa kaka mmoja mwenye studio huko Arusha. Nilikaa kwake miaka miwili: wa kwanza nikibeba stendi za taa na kushika riflekta ya kurudisha mwanga, wa pili akaanza kuniachia kamera ya akiba kwenye sherehe. Namheshimu sana, ugali ninaokula leo umetoka kwake.

Kaka huyu ana picha moja iliyomjengea jina. Bibi harusi amesimama karibu na dirisha, shela limeshuka upande mmoja, mwanga unaingia kutoka pembeni. Nusu ya uso inang'aa, nusu imezama gizani, halafu kwenye shavu la upande wa giza kinabaki kipande kidogo cha mwanga chenye pembe tatu. Nyuma ni giza tupu. Kila bibi harusi wa Arusha anaitaka. Nimekuwepo ikipigwa zaidi ya mara thelathini, na namba zake ziko kichwani kwangu kama namba ya simu ya mama: tundu la lenzi f/2.8, shata 1/200 ya sekunde, wepesi wa kuhisi mwanga ISO 200.

Niliporudi Moshi mwaka jana kujitegemea, bibi harusi wangu wa kwanza nilimpiga picha hiyo hiyo. Dirisha la hoteli, shela, giza, kila kitu. Ilitoka vizuri mno. Nikaiweka stetasi, jina langu pembeni, na simu za wateja zikaanza kuingia. Baada ya siku mbili kaka akaandika kwenye grupu letu la wapiga picha wa kanda hii: "Hongera mdogo wangu. Nimefurahi kuona picha yangu imefika Moshi." Hakuongeza neno. Grupu zima lilicheka, na tangu siku hiyo jina langu ni Fotokopi. Kuna mmoja kila tukikutana ukumbini ananiuliza wino umebaki kiasi gani.

Niliumia, Mjomba. Nikaapa sitaiga tena kazi ya mtu. Nikaacha kumfuatilia mpiga picha yeyote, nikafuta kwenye simu picha zote nilizohifadhi kama mifano, nikasema natafuta mtindo wangu. Ikaja harusi ya Marangu, mwezi wa tisa. Maharusi nikawapigia kihambani kwa babu yake bwana harusi, chini ya migomba, saa kumi na moja na nusu jioni, wingu limetanda. Nikapiga za kwangu: kamera nimeiinamisha, vichwa nimevikata, nyingine nimepitisha lenzi katikati ya majani, nyingine nimetikisa kamera makusudi. Namba nikaacha zile zile nilizozizoea. Picha nyingi zilitoka nyeusi. Nilipojaribu kuzing'arisha kwenye kompyuta, shela likawa la kijani. Kijani kabisa, kama limelowekwa kwenye maji ya mchicha. Mama wa bibi harusi akafunua albamu, akaniuliza, "Mwanangu, huyu ni bibi harusi au kinyonga?" Wamekataa kunimalizia shilingi 250,000 zilizobaki.

Nikiiga naitwa mwizi, nikibuni naharibu harusi za watu. Nijifunze kwa kuiga au niachane nako kabisa? Na huyu kaka, nimekosa kisheria? Nimwombe radhi? Nisaidie, maana msimu wa harusi za Desemba unakuja na mkono unatetemeka.

Wako,
Fotokopi wa Moshi

*

Marahaba mpwa wangu, na pole.

Huyo mama wa kinyonga natamani siku moja nikae naye meza moja, ila kwenye suala la hela yuko sawa. Usizidai. Wapigie, waambie unarudi Marangu kwa nauli yako, wavae tena nguo zao, uwapige nusu saa asubuhi. Familia nyingi zikiona fundi amerudi mwenyewe, humaliza deni bila kuombwa. Wasipomaliza, umeacha jina zuri Marangu, na Marangu harusi haziishi. Tuje kwenye kuiga.

Mimi kazi hii nilijifunza kwa kuiga, na simjui mtu aliyejifunza kwa njia nyingine. Mwaka 1984 baba alinipeleka kwa mzee mmoja aliyekuwa na studio hapa mjini Arusha, hatua chache kutoka Mnara wa Saa. Enzi hizo mkanda ulikuwa na picha 36 na kila moja ilikuwa pesa, kwa hiyo mwanafunzi hakugusa kamera hivi hivi. Miezi minane nilisafisha picha kwenye chumba cha giza na kumtazama mzee akifanya kazi. Nilimwiga alivyovuta kiti, alivyokunja mikono ya shati, mpaka kikohozi chake. Mzee alikuwa na tabia ya kukohoa kabla ya kubonyeza. Nilipoachiwa wateja wa picha za pasipoti, na mimi nikawa nakohoa na kubonyeza hapo hapo. Wateja wakiniambia "pole", kwa hiyo nina mkanda mzima wa watu wazima ambao midomo yao imesimama kwenye "po".

Siku moja mzee akaniita pembeni. "Kijana, unadhani naumwa?" Akanifafanulia. Mteja akikaa kitini anakakamaa, uso anaupanga kama anakwenda mahakamani. Mzee akikohoa, mteja anadhani kazi imesimama kidogo, mabega yanashuka, uso unarudi kuwa wake. Mzee anahesabu moja, mbili, ndipo anabonyeza. Mimi nilichukua kikohozi nikaacha kusubiri.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimesikia kikohozi kile. Umesimama kando ya dirisha la kaka yako zaidi ya mara thelathini, ukatoka na namba tatu. Namba zile zilikuwa jibu la mwanga wa dirisha lile, saa ile. Ukazipeleka Marangu jioni, wingu juu, na migomba kuongezea hilo wingu lako, zikakuangusha, na haki yao. Pale ulihitaji mwanga mara sita, mara nane zaidi. ISO 1600 peke yake ingekupa mara nane. Kwa hiyo ile siku unayosema uliacha kuiga, ndiyo siku uliyoiga kibubusa kuliko zote: kichwa kilikuwa Marangu, vidole vilikuwa bado studio ya Arusha.

Picha ulizofuta kwenye simu zirudishe. Anza na ile ya dirisha, lakini safari hii usiitazame kama mteja. Ikuze mpaka jicho la bibi harusi lijae kwenye kioo. Kwenye mboni utaona doa jeupe. Hilo doa ni picha ya taa yenyewe. Likiwa na pembe nne ni dirisha au softiboksi, yaani taa iliyovishwa boksi la kitambaa, likiwa duara ni mwavuli wa taa, likiwa nukta kali kama ncha ya sindano ni jua au flashi tupu. Sasa ichukulie mboni kama uso wa saa ya ukutani. Doa likikaa juu kushoto, pale mshale mfupi unapokaa saa nne, basi chanzo cha mwanga kilikuwa juu kidogo ya macho yake na upande huo wa kushoto kwako. Likiwa katikati kabisa, mpiga picha alisimama na mwanga mgongoni.

Toka kwenye jicho, nenda puani. Kivuli cha pua kimeangukia wapi? Kwenye picha ya kaka yako kimevuka shavu mpaka kikagusana na kivuli cha upande wa giza, na hapo vilipokutana ndipo pembetatu yako ilipobaki imezungukwa. Msogeze bibi harusi uso kidogo kuelekea dirishani, vivuli vinaachana na pembetatu inafunguka. Mgeuze upande wa pili, inafutika. Ukishajua hivyo, huhitaji dirisha la kaka. Unaitengeneza kwa mlango wa banda, kwa taa ya pikipiki, kwa tochi.

Tazama na ukingo wa kivuli. Ukiwa laini, unaofifia taratibu, chanzo cha mwanga kilikuwa kikubwa au karibu sana. Ukiwa mkali kama umekatwa kwa wembe, kilikuwa kidogo au mbali. Jua ni kubwa kupita dunia, lakini kwa umbali lilioko linatukatia vivuli kwa wembe. Wingu la Julai la Arusha linalalamikiwa na kila mtu kwa baridi, ila kwa mpiga picha ni shuka moja jeupe lililotandikwa juu ya mji mzima.

Na lile giza la nyuma, ambalo naamini ulilitafutia kitambaa cheusi? (Usinijibu, najua ulikitafuta.) Mara nyingi halihitaji kitambaa. Bibi harusi yuko hatua moja kutoka dirishani, ukuta uko hatua sita. Mwanga unaomfika yeye ni mwingi, unaofika ukutani ni makombo. Ukipima kamera kwa ajili ya uso, ukuta unazama wenyewe.

Kazi hii ya kusoma picha ya mtu mpaka ujue taa ilisimama wapi, ifanye kwa picha kumi, ishirini, na uzirudie mwenyewe kwa kumpiga dada yako au jirani. Fananisha mpaka ukome. Hizo usiziuze na usizitangaze, ni madaftari ya shule.

Sasa nikuambie nilivyojichoma mwenyewe, usije ukadhani nilipona baada ya kikohozi. Mwaka 1988 nilifungua studio yangu Ngarenaro. Nilikuwa na kitabu kimoja cha kupiga picha kilichotoka Uingereza, nimekisoma mpaka gamba limeachia. Kilisema dirisha la studio lielekee kaskazini, kwani mwanga wa kaskazini ni mtulivu siku nzima. Nikaita fundi, tukabomoa ukuta wa kaskazini, nikaweka dirisha la vioo ambalo deni lake nililimaliza mwaka wa pili. Tulimaliza Januari. Mwanga ulikuwa mtamu kama maziwa. Nikawa namsifia mwandishi wa kitabu kwa kila aliyeingia.

Machi ilipofika katikati, jua likaanza kunichungulia. Aprili mvua za masika zikalificha, nikadhani mambo yamekwisha. Kuanzia Mei, kila siku mawingu yalipoachia saa za mchana, mche wa jua ulikuwa unashuka moja kwa moja kwenye kiti cha mteja. Watu wanakunja macho, jasho linang'aa kwenye paji la uso, picha za pasipoti zinarudishwa kwa sababu macho yamefumba. Kule Uingereza jua halivuki kwenda kaskazini mwa utosi wao hata siku moja. Adhuhuri mwaka mzima liko kusini, ndiyo maana dirisha la kaskazini ni salama. Sisi Arusha tuko nyuzi tatu na kidogo tu kusini mwa ikweta. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri liko upande wetu wa kaskazini, halafu linahamia kusini. Kitabu hakikunidanganya. Kilikuwa kinazungumza na watu wa kwake, mimi nikawa nasikiliza dirishani.

Hela ya kubomoa ukuta mwingine sikuwa nayo. Mke wangu akashona jora la marekani, lile pamba jeupe lisilotiwa rangi, tukalitundika dirisha zima. Jua likipiga kwenye kitambaa, kitambaa chote kinawaka, na mwanga unaoingia ndani unakuwa mkubwa na laini, ila una joto la njano kidogo ambalo dirisha la mwandishi wangu wa Uingereza lisingelitoa kamwe. Kinamama wakaanza kusema ngozi zao zinatoka vizuri kwangu. Nikajulikana kama yule wa pazia. Miaka kumi na minne watu walivuka mji kuja kwa yule wa pazia, nami nikijifanya nilipanga.

Ndiyo maana kwenye barua yako kilichonisimamisha ni shela la kijani, kuliko picha ya dirisha. Unalieleza kama aibu. Lile kijani halikutoka kwenye mashine. Mwanga uliomfika bibi harusi ulikuwa umepita kwenye majani ya migomba, mwingine umegonga nyasi ukapanda kutoka chini, na kitambaa cheupe hakina siri, kinarudisha rangi ya chochote kilicho jirani. Kulirekebisha si kazi. Unamsogeza bibi harusi ukingoni mwa migomba, uso uelekee palipo wazi mbinguni, unatandika shuka jeupe kwenye nyasi mbele ya miguu yake, na kilichobaki unakivuta kwenye kompyuta kuelekea zambarau mpaka ngozi irudi. Kwa mteja fanya hivyo, maana hakuagiza kinyonga. Lakini siku yako mwenyewe, bila mteja, rudi chini ya migomba ile na usikirekebishe. Kaka yako hana migomba studioni.

Unaniambia umeapa kutafuta mtindo wako. Mpwa wangu, kuinamisha kamera na kukata vichwa ni kuiga vile vile, ila umeiga watu wengi kwa mpigo hadi husikii tena sauti ya mmoja wao. Kule Bamako, Mali, Seydou Keïta alifungua studio mwaka 1948 akawa anapiga watu uani kwake, na kitambaa chake cha nyuma cha kwanza kilikuwa shuka lake la kitandani, lenye matamvua. Vitambaa vya baadaye vikawa vya maua, na wateja nao wanakuja na nguo za maua. Leo maua juu ya maua watu wanayaita sanaa na yanatundikwa majumba ya makumbusho. Yeye alikuwa na uani na shuka.

Tuje kwa kaka, kwa kuwa hapo ndipo unaposhindwa kulala.

Kisheria sioni kosa, ingawa mimi si wakili. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi yenyewe: ile picha aliyoipiga yeye, usiichukue ukaitumia kama yako. Mbinu, wazo, njia ya kufanya jambo, hivyo havina hati. Na ile pembetatu shavuni wapiga picha wote duniani wanaiita kwa jina la Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi aliyefariki mwaka 1669, kwa jinsi alivyozoea kuchora nyuso zikiwa zimeangazwa hivyo. Kwa hesabu hiyo kaka yako naye ni fotokopi ya marehemu wa zaidi ya miaka 350. Nakuomba usimwandikie hilo kwenye grupu. Cheka peke yako.

Lakini uliona wapi mtu akatoka kwa fundi wake, akaipiga picha ileile inayomlisha fundi, nguo ileile, dirisha lilelile, akaandika jina lake pembeni, na asiseme neno? Sisi Waswahili jambo hili tulishalimaliza zamani kwenye mashairi. Mtu akiipenda kazi ya mshairi mwenzake hupiga takhmisi: anachukua mishororo ya mwenzake, anaiacha kama ilivyo, anaiongezea yake mpaka kila ubeti ufike mishororo mitano. Jina lenyewe linatokana na tano ya Kiarabu. Wasikilizaji wanajua ipi ya nani, na ile mipya inapimwa kwa jinsi inavyokaa na ile ya zamani. Sijapata kusikia mpiga takhmisi akiitwa mwizi. Wewe ulichukua mishororo ya kaka, hukuongeza hata mmoja, halafu ukafuta jina lake. Hapo grupu lilikuwa na haki ya kucheka, japo si kwa muda wote huu.

Kwa hiyo ndiyo, mwombe radhi, tena kwa simu, usiandike. Kwa maneno yako lakini yawe machache: "Kaka shikamoo, ile picha ya dirisha nilifundishwa na wewe na nilitakiwa niseme. Nimekosea." Ukishakata simu, badilisha maandishi chini ya picha ile, useme mbinu umeipata kwa mwalimu wako wa Arusha. Wateja hawatakukimbia. Watajua una mwalimu.

Na yeye nina neno naye, kama anasoma. Mdogo wako ukimfundisha kwa kumshikisha riflekta miaka miwili bila kumwambia kwa nini iko pale, akitoka atabeba riflekta. Na mwanafunzi akikosea anaitwa pembeni, hapigwi kijembe mbele ya watu wanaogombania naye wateja.

Kuna jambo la kukuogopesha kidogo, kwa maana nimekutetea sana. Edward Saidi Tingatinga alichora Dar es Salaam miaka michache tu, kwa rangi za mafuta zinazong'aa juu ya vibao, akafariki mwaka 1972. Ndugu na jamaa aliowafundisha walijifunza kwa kumnakili, na nashukuru walimnakili, la sivyo mtindo ungezikwa naye. Lakini ingia leo maduka ya vinyago hapa Arusha. Utakuta twiga watano wa rangi tano wamepangwa ukutani, shingo zimepinda upande mmoja, mti ule ule nyuma yao. Mkono uliochora twiga wa tano haukuwa unatafuta kitu, ulikuwa unawahi basi la watalii. Picha yako ya dirisha ukiipiga mara mia kwa sababu inauzika, utafika hapo, na utakuwa umefika bila msaada wa grupu.

Mwezi uliopita mteja wa Moshi alinijia na kalenda. Tembo mbele, Kilimanjaro nyuma. Anataka familia yake isimame, mlima uonekane "kama hivi hivi". Nikamwambia, mzee, picha hii imepigwa Amboseli, upande wa Kenya, kaskazini mwa mlima. Tazama, kilele cha Mawenzi kiko kushoto ya kile cha Kibo. Ukiwa nyumbani kwako Moshi, Mawenzi iko kulia. Akaitazama kalenda, akatazama mlima wa kichwani mwake, akakaa kimya kama dakika nzima. Miaka sitini anauona mlima kila asubuhi kabla wingu halijaufunika, na bado alitaka nimpige wa upande wa wenzake.

Nilimpiga uani kwake, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mjukuu mapajani, Mawenzi kulia.

Kwa hiyo Desemba hii wateja wa dirisha wapige dirisha, wamekuja na hela yao. Ukimaliza, kabla hujafunga begi, omba dakika tano za mishororo yako: mtoe bibi harusi kwenye dirisha la hoteli, umpeleke kibarazani, jikoni kwa shangazi zake, popote ambapo mwalimu wako hajawahi kusimama, na upime mwanga upya kuanzia sifuri. Nyingi zitaharibika. Hizo hazimo kwenye malipo, hakuna wa kukudai.

Na yule wa wino mwambie umebaki wa kijani tu. Ile picha ya Marangu usiifute. Nitumie kubwa, ile ambayo haijahaririwa, nataka nione doa la jicho lake lilikaa wapi.

Mjomba
Arusha